Land Cruiser ya mzigo: kuipandisha juu au kuiacha ilivyo?

Masika ikikaribia, gereji za Arusha hujaa Land Cruiser pikapu, ile 79 tuliyozoea kuiita mkonga, zimekaa juu ya stendi matairi yakiwa pembeni. Wenye nazo wanataka zipande juu, yaani bodi inyanyuliwe kwa springi ndefu zaidi. Hapo ndipo ubishi unapoanza. Fundi mmoja atakwambia bila inchi mbili za ziada hufiki Engare Sero, kule karibu na Ziwa Natron, udongo ukishalowa. Mwingine, mara nyingi mzee wa makamo, atakwambia Toyota walijua walichokuwa wanafanya, na ukigusa springi umeshaliharibu gari. Nimesimamia magari haya kwa miaka kadhaa, yakipeleka mabomba, saruji na mafuta ya jenereta vijijini, na siwezi kumpuuza yeyote kati yao. Ninachoona ni kwamba wote wanabishania urefu kabla hawajaulizana gari linabeba kilo ngapi.

Nianze na mzee, kwa sababu vijana humkatiza upesi mno. Hii 79, inayouzwa tangu 1999, ina ekseli nzima mbele, yaani mhimili mmoja unaounganisha magurudumu mawili, iliyokaa juu ya springi za koili, na nyuma springi bapa zilizopangwa pande juu ya pande. Ni kazi ya chuma kizito isiyo na makuu. Pande likikatika Loliondo, fundi wa pale atatafuta la kufanana nalo kwenye gari bovu, atalipachika, na jioni unaendelea na safari. Springi ya kuagiza ikikatika huko huko, unaweza kulala wiki nzima ukisubiri. Mtu anayelitegemea gari kulipa mishahara lazima aliweke hilo kwenye hesabu. Pia gari hili likiwa tupu linarusha, na wengi hudhani ni ugonjwa wa kutibiwa kwa kulipandisha. Springi za kubeba tani moja haziwezi kuwa laini pasipo mzigo, na hata ulipandishe vipi hazitalainika.

Lakini hoja ya mzee inadhani gari bado liko kama lilivyotoka kiwandani, na kwetu halibaki hivyo hata mwezi. Mbele tunafunga ngao ya chuma na winchi. Nyuma tunaweka tangi la pili, keria, spea mbili na sanduku la vifaa. Pipa la dizeli la lita 200 peke yake linakaribia kilo 185. Vitu hivi havishuki jioni kama mifuko ya saruji. Vinailalia springi usiku na mchana, na springi huchoka. Mwaka juzi nilichukua futi nikapima gari letu moja, kutoka katikati ya habu, kitovu cha gurudumu, mpaka ukingo wa bodi juu ya tairi, likiwa halina mzigo. Nyuma lilikuwa sentimita nne chini ya gari jipya lililoegeshwa pembeni yake. Mapande yalikuwa yamenyooka kama rula, na mpira wa kuzuia ekseli isigonge chesesi, fremu ya gari, ulikuwa umepasuka katikati. Gari la namna hiyo, ukilipandisha sentimita nne, umelirudisha tu mahali pake.

Hapo ndipo seti za kuagiza zinapokuwa na maana. Watengenezaji wanaoaminika, kama Old Man Emu wa Australia, hawauzi urefu mtupu. Kwa gari moja wana springi za nyuma za madaraja tofauti: za gari linalotembea karibu tupu, za mzigo wa wastani, na za mzigo mzito usioshuka. Zote zinapandisha gari kiasi kinachokaribiana, milimita 40 hadi 50, ila kila daraja linafanya hivyo kwa uzito wake. Kosa ninaloliona kila msimu ni mtu kuchukua daraja zito kabisa kwa kuwa “ndiyo imara”. Baadaye gari tupu linadunda kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi, nyuma inateleza kwenye kona, na lawama anabebeshwa dereva.

Sasa, kupandisha bodi kunakusaidia nini? Kunakuongezea pembe ya kuingia na kutoka kwenye korongo, na nafasi ya gurudumu kupanda na kushuka. Difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, haisogei hata nywele moja. Iko kwenye ekseli, na ekseli inabebwa na tairi. Ukitoka tairi ya 265/70R16 ukaenda 285/75R16, difu inapanda karibu milimita 28, na spidomita inaanza kukudanganya: inasoma 100 wakati gari linakwenda kama 107. Kwa hiyo anayekwama kwa sababu difu inalima tope la mbuga, hata springi za urefu wa mnazi hazitamwokoa.

Ukipita milimita 50, gharama zinaanza kuja kwa zamu. Ekseli ya mbele imeshikwa na mikono miwili, na bodi ikipanda, mikono inaizungusha ekseli kidogo. Usukani unapoteza ile tabia ya kujirudisha katikati, na kwenye lami gari linaanza kuelea. Dawa yake ni bushi maalumu za kurekebisha pembe, na lazima ziwemo kwenye bei tangu mwanzo. Propela shafti, ile inayopeleka nguvu kwenye ekseli, nayo inakaa kwa pembe kali zaidi na kula jointi zake. Mabomba ya breki yanavutika. Kama gari lako lina ile valvu ya breki za nyuma inayosoma mzigo kwa fimbo iliyofungwa kwenye ekseli, ujue bodi ikipanda, valvu inaamini gari ni tupu, na inazinyima breki za nyuma nguvu siku uliyobeba tani nzima. Hili linanitisha kuliko yote, na ni nadra kusikia likitajwa gereji.

Njia ya mkato ni vipande vya chuma kati ya springi na ekseli, shokapu zikabaki zile zile. Tuliwahi kupokea gari lililofanyiwa hivyo. Shokapu zilikuwa fupi, kwa hiyo kila tairi iliposhuka shimoni ekseli ilikuwa inaning’inia kwenye shokapu badala ya springi. Kabla miezi miwili haijaisha, kishikio cha juu upande wa kushoto kiling’oka na kipande cha chesesi.

Mwenye Hilux ya tangu 2005 awe mwangalifu zaidi, kwa kuwa kila gurudumu la mbele linajitegemea. Ukipandisha kupita kiasi, sivi jointi, viungo vinavyopeleka nguvu kwenye magurudumu hayo, zinakunjika na mipira yake inapasuka mapema.

Kwa gari la kazi nje ya lami, mimi naunga mkono milimita 40 hadi 50, seti kamili ya springi na shokapu zilizotengenezwa kwa pamoja. Kwa gari linaloshinda mjini au kwenye lami ya Dodoma, namuunga mkono mzee: badilisha springi zilizochoka, weka za asili, pesa inayobaki nunua tairi nzuri. Kabla ya kuagiza chochote, lipeleke gari kwenye mizani likiwa na vitu vyake vyote vya kila siku, lipimwe mbele peke yake na nyuma peke yake. Karatasi hiyo mpe muuzaji. Akikuuliza unataka lipande inchi ngapi kabla hajaisoma, nenda duka la pili. Likishafungwa, muombe fundi ashushe taa za mbele zisiwapofushe wenzako barabarani, na baada ya kilomita 500 lirudishe akaze tena yu-bolti za nyuma, zile zinazofunga springi kwenye ekseli, maana springi mpya hujikalisha na bolti hubaki zimelegea.