Kliniki ya misheni ya siku moja: mgonjwa anabaki na nani?

Ubishi kuhusu madaktari na wauguzi wanaojitolea kwenda nchi nyingine kutibu chini ya kanisa huangukia haraka kwenye nia. Watetezi husema wamekwenda kwa upendo, wapinzani husema wamekwenda kupiga picha. Nia nawaachia wenyewe na Mungu wao. Linalonisumbua ni la kikazi zaidi: aliyetibiwa leo akizidiwa wiki ijayo atakwenda kwa nani, na huyo atakayempokea atakuwa anajua nini kumhusu?

Siku yenyewe inafahamika. Foleni hutangulia madaktari. Kuna meza ya kuandikisha, meza ya kupima presha na joto, daktari na mkalimani wake, dirisha la dawa, na mahali fulani katikati, maombi. Kufikia jioni wameonwa watu wengi mno kwa timu ndogo kama ile, na idadi hiyo ndiyo itakayosomwa kanisani watakaporudi.

Yapo matatizo ambayo siku moja inayamaliza kweli. Aliyekosa usingizi kwa ajili ya jino bovu, likang'olewa, hana haja na nadharia za maendeleo. Fundi cherehani aliyeshindwa kutunga uzi anavaa miwani ya kusomea na kesho anarudi kazini. Jipu linapasuliwa, minyoo inapewa dozi yake. Hata mtoto wa jicho ni operesheni fupi, ilimradi awepo mtu wa kumwangalia mgonjwa katika wiki zinazofuata. Kazi hii ina mizizi mirefu: mwaka 1835 Peter Parker, mmisionari na daktari kutoka Marekani, alifungua hospitali ya macho Canton, China. Lakini yeye alikaa, na akawafundisha vijana wa Kichina kazi hiyo.

Presha ni habari nyingine kabisa. Anakaa mama wa miaka hamsini na kitu, anafungwa mashine mkononi, inasoma 190 kwa 110, presha ya juu mno. Yeye amekuja kwa ajili ya mgongo. Anaeleza kwa kirefu, mikono ikisaidia maneno, kisha mkalimani anamgeukia daktari: "Anasema mgongo unauma." Maelezo mengine yamekwenda wapi? Huenda humo alisema aliwahi kuanzishiwa dawa kwingine akaziacha kwa sababu zilimvimbisha miguu. (Siku hiyo nzima hakuna mtu muhimu kuliko mkalimani, na ni nadra kuona anaandaliwa hata kwa saa moja.) Mama anaondoka na bahasha ya amlodipini ya siku 30, dawa ya presha ambayo mojawapo ya kero zake ni hiyohiyo ya kuvimba miguu. Presha haina dozi ya kumaliza. Siku ya 31 ataamini amepona, au atakwenda kituo cha karibu akakute muuguzi asiyejua alipewa nini, wala kwa nini.

Mambo haya yalishasemwa zamani, tena na watu wa kanisa wenyewe. Mwaka 1968, Cuernavaca, Mexico, padri Ivan Illich aliwaambia vijana wa Marekani waliokuja kujitolea kwamba wanakaribishwa kutembea na kujifunza, ila wasije kusaidia. Mwaka huohuo Baraza la Makanisa Ulimwenguni liliunda tume ya tiba iliyohoji kwa nini fedha za misheni zinamezwa na hospitali zinazowafikia wachache. Fikra zake zilichangia Azimio la Alma-Ata la 1978 kuhusu afya ya msingi. Illich naona alipitiliza, angalau tukizungumzia wenye ujuzi: daktari wa upasuaji si sawa na mwanafunzi aliyekuja kupaka ukuta rangi. Ila mwanafunzi huyohuyo akipewa sindano ambayo kwao asingeruhusiwa kuishika, Illich anashinda bila kupingwa.

Kuna hoja ya nauli: fedha za tiketi zingelipa mishahara ya wauguzi wa hapohapo. Kwa hesabu ni kweli, ila hesabu hiyo inasahau kwamba zile fedha hazikuwa zimekaa mahali zikisubiri kugawiwa. Watu huchanga kwa sababu wanamjua anayesafiri. Muuguzi wasiyemjua pengine wasingemchangia. Hapa watetezi wana nguvu kuliko wapinzani wanavyokubali. Kwenye dawa hawana. Tangu 1996 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka dawa za msaada ziwe zimeidhinishwa katika nchi zinakopelekwa, na kwa kawaida ziwe zimebakiza angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda. Sanduku la sampuli zilizookotezwa kwenye kabati za zahanati za nyumbani halina utetezi.

Maombi sioni shida nayo kwa yenyewe. Wagonjwa wengi wanayataka, na kuwanyima ni kuwafanyia uamuzi. Shida ni yanapowekwa. Yakiwa kabla ya dirisha la dawa, asiye wa imani hiyo hawezi kujua kama akikataa atanyimwa. Yahamishieni baada ya dawa, muone nani atabaki kwa hiari.

Kwa hiyo timu inayoalikwa na kituo kilichopo, inayotumia dawa za orodha yake na kuandika kwenye daftari lake, ningeiunga mkono hata kwa mchango. Inayojipangia peke yake ningeibana kwenye meno, miwani, vidonda na minyoo, presha wasiiguse. Ugumu unakuja mahali ambapo kituo chenyewe hakuna, na mashine imeshasoma 190 kwa 110. Kumwanzishia dawa zitakazokatika baada ya mwezi ni vibaya, kumrudisha nyumbani mikono mitupu pia ni vibaya. Ningempa dawa, na nauli ya kufika hospitali iliyo karibu zaidi, nikijua kwamba nimeshaivunja kanuni niliyotoka kuiweka.