Suruali Yangu Imebaki Mida

Kwanza kabisa, sikulia. Yale maji mnayoyaona usoni kwangu kwenye ile video ya mimi kukwama kwenye tope la Mida, kule Watamu, ni jasho. Na nyinyi mnaosikiliza mkiwa mmeongeza sauti, lile neno "mama" si kwamba nilikuwa namwita mama yangu. Nilikuwa nashangaa. Mtu mzima haruhusiwi kushangaa?

Naandika haya nikiwa kwenye kochi la huyo huyo aliyeisambaza. Ndiyo, mmesoma sawasawa. Tangu Jumatatu alfajiri nalala kwake Umoja, hapa Nairobi, kwa sababu nitakayoifikia, nakula chapati zake, naoga maji aliyoyachota kwa mtungi wake, kwa hiyo hata kumgombeza siwezi. Yeye ameketi pale mbele yangu anacheka na simu, na kila ikilia najua kuna kundi jingine limeipata. Jana shangazi yangu wa Kitale amenipigia kuuliza kama ni kweli nilivutwa na punda. Hakukuwa na punda! Punda ameongezwa huko huko Kitale.

Basi nisikilizeni mimi mwenye tope.

Tulikuwa sita, wote wa ofisi moja, tukapanda treni Syokimau, daraja la chini, elfu moja mia tano kila kichwa, tukashuka Miritini, matatu hadi Watamu. Jumamosi nilikuwa mtu wa heshima zake. Tulipanda boti yenye kioo chini, tukaona samaki wa rangi ambazo hata mafundi wa matatu zetu hawajazifikia, na nahodha akatuambia hifadhi hiyo ya bahari iko tangu 1968, yeye hajazaliwa. Mchana tukaenda magofu ya Gede. Tumbili mmoja akaninyang'anya ndizi, nikamwachia. Hakuna aliyerekodi hilo. Nikiwa na adabu hamna kamera, kumbukeni hilo pia.

Jumapili asubuhi ndipo tukaenda hori ya Mida.

Kwa wasiopajua: bahari inaingia nchi kavu hapo kwa mlango mwembamba, halafu inajitandaza ndani, na pembeni kote ni mikoko. Kuna daraja la mbao linaloning'inia kwa kamba, linapita juu ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kuangalizia ndege. Unalipa kiingilio, na pesa hizo husaidia karo za watoto wa sekondari wa vijiji vinavyopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke. Kwa hiyo mkienda lipeni bila kupiga bei. Nawaambia hivi kwa sababu kuna mmoja wetu alipiga bei, na ndiye mwenye kochi hili.

Kijana aliyetutembeza ni mpole, sauti yake ya chini kama ya mtu aliye karibu na mtoto aliyelala. Kila mtu kwake ni "ndugu yangu". Akachuma jani la mchu, aina mojawapo ya mikoko, akasema, "Lamba, ndugu yangu." Nikalamba. Chumvi tupu! Mti unakunywa maji ya bahari halafu chumvi unaitolea kwenye majani. Kisha akatuonyesha mbegu ya mkoko. Hii inaota ingali juu ya mti, inarefuka mpaka inafanana na kijiti cha kijani chenye ncha, na ikikomaa inadondoka wima. Ikikuta maji yamekupwa, inajichoma kwenye tope na kusimama hapo hapo. Imeshajipanda.

Ishikeni hiyo mbegu. Tutaihitaji.

Lazima pia niwaeleze nilivyovaa. Suruali nyeupe ya kitani, ya kamba kiunoni, niliitoa soko la mitumba la Toi kwa shilingi mia saba baada ya mabishano ya nusu saa. Mtu wa Nairobi akisikia Pwani anaona lazima avae nyeupe, sijui nani alituambia. Mfukoni nilikuwa na funguo za nyumba. Simu nilikuwa nimemkabidhi jamaa anipige picha.

Kule kibandani tuliwakuta watu watano wa ndege. Si utani, kuna watu wanaosafiri na darubini yenye miguu mitatu kuja kumtazama ndege mmoja. Walikuwa wametulia kama wako kanisani, wakimsubiri ndege fulani mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, anayekula kaa. Mmoja alikuwa na daftari. Tukawasalimia kwa kunong'ona.

Sasa mwenye kochi akatazama kamera, akakunja uso, akasema, "Hizi mbao zinaharibu. Ukishuka hapo chini itatoka kali."

Kijana akasema, "Hapo hapana, ndugu yangu. Tope bado bichi. Mkitaka kushuka tutazunguka kule kwenye mchanga."

Na mimi, mbele ya mashahidi kumi na moja, nikafungua kinywa changu nikasema: "Bwana, mimi nakaa Mwiki. Tope unanifundisha wewe?"

Nikashuka.

Hatua ya kwanza ilikuwa tamu. Niseme ukweli. Tope la Mida lina uvuguvugu kama uji uliosahauliwa mezani, likanifika kwenye kifundo, nikageuka nikatabasamu. Ile picha ipo, na ni nzuri, na hakuna hata mmoja wenu aliyeisambaza.

Hatua ya pili, goti.

Nikasema si neno, nitauchomoa huu mguu. Nikaukaza ule wa kwanza ili nivute wa pili. Ule wa kwanza ukateremka. Basi nikaukaza wa pili ili niuokoe wa kwanza. Mnaona hesabu inavyokwenda? Nilikuwa napanda ngazi kuelekea chini. Tope la Mwiki lina mwisho: ukizama sana utakuta mawe ya kandarasi iliyotelekezwa. Hili la Mida halikuwa na mwisho. Nilipoacha kuhangaika lilikuwa limenifika mapajani, suruali nyeupe imejaa kama magunia mawili ya makaa, nami nimesimama wima, mikono nimeitanua, sina pa kwenda.

Mbegu ya mkoko.

"Usijitikise, ndugu yangu," kijana akaniambia kutoka juu. Hakupandisha sauti hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha. Akaeleza kwamba ukivuta mguu, chini ya wayo hakuna hewa ya kuingia kujaza nafasi, kwa hiyo tope linakunyonya. Ukivuta kwa nguvu, linanyonya kwa nguvu. Aliyasema hayo taratibu kabisa, kama bado tuko kwenye ziara.

Basi nikatulia. Na nilipotulia, kaa wakatoka.

Ni wadogo, kama kifungo cha koti. Dume ana gando moja dogo na jingine kubwa kuliko akili yake, na kazi yake ni kulipandisha na kulishusha siku nzima. Walitoka mmoja mmoja kwenye vishimo vyao, wakanizunguka, wakaanza kunipungia. Mamia. Nilikuwa kama mgombea aliyekwama kwenye mkutano wake mwenyewe.

Nikasikia sauti ndogo ya chuma, krii. Nikainua macho kibandani. Ile darubini ya miguu mitatu ilikuwa imegeuzwa. Kutoka kule mbali, alikokuwa ndege, ikaja polepole mpaka ikanifika mimi, niliyekuwa mita nane tu. Mita nane, jamani! Unahitaji darubini ya nini? Kisha yule wa daftari akaandika kitu. Mpaka leo, usiku nikilala kwenye kochi hili, najiuliza aliandika nini.

"Maji yanarudi saa ngapi?" nikauliza, kwa sauti ya mtu asiyejali.

"Yameshaanza," kijana akasema.

Ilikuwa bamvua. Sisi wa bara mwezi mpevu tunauona tu kama taa. Kule, mwezi ukijaa au ukiandama, bahari inakupwa mpaka mbali, halafu inarudi na haraka zake. Nikaona kamkondo kembamba, kama ulimi, kakija baina ya mizizi kuelekea kwangu. Hapo ndipo nilipo... niliposhangaa. Mara tatu. Ya tatu ndiyo hiyo mnayoifanya mlio wa simu.

Kijana alikuwa ameshakwenda mbio kutafuta ubao. Aliyetokea kwanza ni mama mmoja wa makamo, ndoo mkononi, leso mbili, anakuja juu ya tope lile lile kama anakatiza sebule yake. Anakanyaga mizizi tu. Akasimama, akanitazama, akawatazama wale juu, akanirudia.

"Mwanangu, lala."

"Nilale, mama?"

"Lala chali. Kama mtoto anayeogeshwa."

Nyinyi mnaoniuliza kwa nini kwenye video nimelala huku watu wanafanya kazi, jibu ni hilo. Ukilala, uzito unatawanyika na miguu inapata nafasi ya kuja. Ubao ukafika, ukawekwa chini ya mgongo wangu. Kijana na mwenzake wakanishika makwapa. Mama akainama akawa anachokora tope kando ya mapaja yangu kwa kijiti, maji yapate kupenya, na huku ananiuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia. Akasema, "Huko mbali kweli," kama kwamba ndiyo maelezo ya kila kitu.

Wakavuta. Mimi nikaja, suruali ikakataa. Imejaa tope mpaka kwenye pindo, inashikilia chini kama nanga. Wakavuta tena. Maji yakanifika sikioni. Mama akaacha kuchokora, akanitazama machoni.

"Sasa chagua, mwanangu. Wewe au suruali."

Kuna ukimya hapo kwenye video, kama sekunde nne. Wengi mmedhani imekwama. Haijakwama. Nilikuwa nachagua. Kwa sababu mimi peke yangu nilijua nimevaa nini ndani.

Dada yangu aliniletea pakiti ya nguo za ndani za siku saba, kila moja imeandikwa siku yake, herufi kubwa, nyuma. Nilikuwa nimefunga mzigo kwa haraka. Siku ilikuwa Jumapili. Nguo ilisema Ijumaa.

Nikafungua kamba.

Nilitoka na mlio ambao sitauandika hapa. Huyu bwana ameupunguza kasi na kuurudia mara tatu, basi mmeushiba. Kibandani wakapiga makofi, watu walionitaka ninong'one. Na ndege wao, kijana aliniambia baadaye, alitua kule ng'ambo wakati huo huo, hakuna aliyemtazama.

Yaliyofuata ni mafupi. Nikamwagiwa ndoo sita, mama akanifunga leso yake moja, imeandikwa WASEMAO NA WASEME, na kweli mmesema. Tukaenda kula sambusa za kaa. Nilikula tisa, kwa kisasi. Nikanunua bukta kwa mpita njia, tukawahi treni ya saa nne usiku, Nairobi alfajiri, boda hadi Mwiki, nikafika getini, nikapeleka mkono mfukoni.

Bukta haina mfuko.

Keateka, yule mtunza nyumba wetu, akasema kuvunja kufuli ni elfu moja, na kufuli jipya juu yangu. Nikamwambia nitarudi. Ndipo nikapiga simu Umoja.

Leo mchana kijana wa Mida amenipigia. Maji yalipokupwa, yule mama aliiona pindo imechomoza, akaivuta kwa tawi. Funguo zimo. Kulikuwa na kaa mfukoni pia, akamtoa, akarudi mwenyewe. Nimetuma pesa ya mzigo na nyingine ya mama, funguo zinakuja na basi la usiku kutoka Malindi. Nilimwomba sana atume funguo peke yake, suruali aiache huko huko. Akasema, "Ndugu yangu, mama ameshaifua na kuipiga pasi. Amezifunga funguo ndani yake."

Basi linafika River Road saa kumi na mbili asubuhi. Pale ofisini mzigo hufunguliwa mezani, mbele ya foleni, mwenyewe aseme kilichomo kabla hajatia sahihi. Nimemwambia mwenye kochi nitakwenda peke yangu, asijisumbue kuamka. Amesema sawa. Lakini simu yake naiona pale ukutani kwenye chaja, na ilikuwa na asilimia tisini.