Mwanachuo asiyejulikana mtaani

Oktoba inapoelekea ukingoni, mabasi ya kutoka Dar es Salaam huanza kuteremsha Mtwara vijana wenye mabegi makubwa, godoro lililokunjwa na ndoo mpya ya plastiki. Usiku wa kwanza haujaisha, simu zao zimeshapokea orodha ya tahadhari kutoka kwa kaka na dada waliowatangulia: usitembee peke yako gizani, usimwamini bodaboda, usimwambie mtu unakaa chumba gani, usizoeane na watu wa mtaani, funga madirisha, usitoe simu barabarani. Orodha hii ni kongwe kuliko simu zenyewe. Sisi tuliisikia kwa mdomo.

Mabishano yanayoifuata kila mwaka yana pande mbili. Wa kwanza wanataka wanachuo wawekwe ndani: hosteli za kutosha, ukuta, mlinzi, geti lifungwe saa nne usiku. Wa pili wanasema mwanachuo ni mtu mzima, aachwe apange chumba mtaani, na ulinzi wake atautafuta kwa watu anaoishi nao. Hawa wa pili huchekwa. Huambiwa wanatetea starehe, kwamba asiyetaka geti ana lake jambo. Mimi naona hawajasikilizwa vizuri, na baadhi yao hawajui hata kuisema hoja yao.

Tuanze na fedha, maana kibaka hamfuati mtu, anafuata kitu.

Tangu mwaka wa masomo 2022/23, mnufaika wa mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, hupewa shilingi 10,000 kwa siku za chakula na malazi, badala ya 8,500 za awali. Lakini hapewi siku kwa siku. Fedha huingia kwa mkupuo wa takriban siku 60, na 10,000 mara 60 ni 600,000. Hiyo ndiyo wanachuo huiita boom. Hesabu hii huwa naizungusha kichwani kila nikisikia mwanafunzi kaporwa, kwa sababu sidhani kuna kundi jingine mjini ambalo siku yake ya kupata fedha inajulikana na watu wengi hivyo. Muuza chipsi anaijua. Fundi simu anaijua, dada wa saluni anaijua, na foleni kwa wakala inaitangaza kwa ambaye hakuwa na habari. Mwalimu wa shule ya msingi hupokea mshahara wake kimya kimya. Mwanachuo hupokea kwa shangwe, na jioni hiyo hiyo ananunua subwoofer.

Huku kusini kuna jambo la ziada. Boom ya mwanzo wa mwaka huangukia msimu wa korosho. Minada ya TANECU na MAMCU, vyama vikuu vya ushirika vya wakulima, huanza Oktoba, wakulima wa Tandahimba, Newala na Masasi wanalipwa, mji unajaa wageni, bidhaa na pikipiki mpya, na wanaozifuata fedha popote ziendapo wanakuja nao. Kwa hiyo kijana wa miaka ishirini, mgeni, asiyejua kichochoro hiki kinatokea wapi, anashika laki sita katika miezi ileile ambayo mji mzima umeshika fedha. Ukuta wa hosteli haubadilishi chochote katika hesabu hiyo. Atatoka kwenda kula, atatoka kwenda kutoa pesa.

Na siku hizi pesa yenyewe imo ndani ya simu. Simu ya laki tatu ni chakula na malazi ya siku 30, achilia mbali laini yenye salio. Cha ajabu, katika orodha zote nilizowahi kuonyeshwa sijaona iliyomwambia mwanafunzi aweke namba ya siri kwenye laini, si kwenye kioo tu. Au aandike pembeni IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenyewe, ambayo huipata kwa kubonyeza *#06#. Au apige *106# aone ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA. Yule tapeli wa “ile hela tuma kwenye namba hii” hapiti getini. Ujumbe wake unatakiwa upelekwe 15040, namba ya kuripoti utapeli. Hapo hakuna mlinzi wala mwenyekiti wa mtaa atakayekusaidia, na pande zote mbili za mabishano zimelisahau jambo hili.

Turudi kwenye giza, kwa kuwa ndilo linalotajwa zaidi. Mwanafunzi kutoka Mwanza au Kigoma amezoea jua la huko. Saa ni ileile nchi nzima, ila Mtwara iko mashariki mbali, na mwezi Juni jua huzama hapa zaidi ya nusu saa kabla ya Mwanza. Kipindi kikiisha saa kumi na mbili na nusu jioni, kule bado anauona uso wa anayekuja mbele yake. Hapa kumeshaingia giza. Mkoa unaotoa gesi ya Mnazi Bay una njia nyingi za mitaani zisizo na taa hata moja. Wanaosema “usitembee usiku” wamwambie pia nani kapanga kipindi kiishe saa hiyo. Nusu ya tatizo ingeondoka kwa kubadilisha ratiba, na ratiba haihitaji mfadhili.

Sasa hoja yenyewe. Isome ile orodha tena utaona kwamba sehemu kubwa yake inamwambia kijana jambo moja: usijulikane. Kwa jiji kama Dar es Salaam huenda likawa na maana. Kwa mitaa ya hapa Mtwara kama Magomeni, Chuno au Chikongola ni ushauri wa kumponza mtu. Mitaa hii hulindwa na wanaokaa barazani, mama anayekaanga mihogo pembeni ya njia, kijiwe cha bodaboda, watoto wanaotumwa dukani. Hao wanajua nani ni wa nyumba gani. Mtu akitoka uani na begi la kompyuta mpakato saa nane mchana, swali linaloweza kumsimamisha ni moja tu: “Wewe, hilo begi la nani?” Ataliuliza anayemjua mwenye begi. Kama mwenye begi hajawahi kumsalimia mtu tangu ahamie, kila begi ni lake na kila mgeni anaweza kuwa rafiki yake.

Mama yangu mkubwa hupangisha vyumba viwili vya uani pale Magomeni. Mwaka mmoja alikuwa na wapangaji wawili, wote wanachuo. Mmoja aliwasaidia wajukuu hesabu jioni na alikuwa akikopa chumvi, jambo ambalo bara linaweza kuonekana aibu na hapa ni mwanzo wa undugu. Mwenzake alifuata orodha. Aliingia, akafunga, akavaa spika za masikioni. Joto la Februari lilimshinda akafungua dirisha, na usiku ukapitishwa mti mrefu wenye ndoano katikati ya nondo, wavu ukachanwa, suruali ikavutwa na simu iliyokuwa mfukoni. Jirani mmoja alisikia kishindo. Alikiri asubuhi kwamba alidhani ni mambo ya wanachuo, “maana yule kijana hatumjui usiku wake ukoje.” Najua kisa kimoja si ushahidi; yule mkopa chumvi naye angeweza kuibiwa. Lakini sentensi ya jirani haijanitoka.

Wanaotaka ukuta wana jibu, tena zito, nami sitalipitia juu juu. Kwa binti, kujulikana kuna bei. Macho yanayomlinda ndiyo yanayohesabu karudi saa ngapi na kaletwa na nani. Baba mwenye nyumba anayemwita “mwanangu” anaweza kuwa ndiye anayegonga mlango usiku akidai kodi. Bodaboda anayemfahamu anajua pia anapokaa. Mabinti wengi wanaoomba hosteli wanayakimbia mazoea, wala si vibaka, na asiyewahi kugongewa mlango hana haki ya kuwaambia wakasalimie majirani. Kwao hosteli iwepo, na wao wawe wa kwanza kupewa nafasi.

Ila ukuta nao una mambo yake ndani. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinataja kosa la mwenye mamlaka kudai ngono ili atoe anachopaswa kutoa bure. Vyuoni jambo hilo lina sura ya alama na matokeo, na anayelifanya ana ufunguo wa ofisi. Mwaka 2021 serikali ilitoa mwongozo wa madawati ya jinsia, yanayopokea malalamiko ya ukatili, katika vyuo vya kati na vikuu kwa sababu kama hizo. Muulize mwanafunzi wa mwaka wa kwanza dawati la chuo chake liko jengo gani. Kwenye orodha ya tahadhari halimo; bodaboda yumo.

Wapo pia wanaotaja Chuo Kikuu cha Garissa, Kenya, ambako tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi, na wanaitazama Cabo Delgado, mkoa wa Msumbiji wenye uasi ng'ambo ya mto Ruvuma, kwa wasiwasi. Siudharau wasiwasi huo. Lakini ile ni kazi ya dola na majeshi. Waliouawa Garissa wengi walikuwa hosteli.

Doa kubwa la upande ninaouegemea ni jingine. Mtaa unaokujua unaweza pia kuua kwa ajili yako. Ukipiga kelele “mwizi!” saa tano usiku hujui nani atashikwa wala atafanywa nini kabla polisi kata hajafika, na mara nyingine anayeshikwa ni mpita njia. Kama tunataka wanachuo wautegemee mtaa, lazima waambiwe wazi kwamba wana namba 112, wana RB, namba ya taarifa ya tukio, kituoni, wana mwenyekiti, na kwamba kelele ile si kitu cha kuchezea kwa ajili ya simu.

Nisemapo mtaa simaanishi undugu wa kujitokea tu. Unahitaji kupangwa, na gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na jengo. Chuo kikuu kishiriki cha Stella Maris kiko hapa tangu 2009, Taasisi ya Uhasibu ina kampasi yake, vyuo vya ualimu ni vya siku nyingi. Wanachuo si wageni katika mji huu, ila kila mwaka huingia kama wageni. Wiki ya kwanza hujaa semina ukumbini. Nusu siku moja ingetosha kuwapeleka wanaopanga nje kwa mwenyekiti wa mtaa wao, wakaandikwa, wakaonyeshwa kijiwe kipi kina madereva wenye namba kwenye vizibao na simu za viongozi wao. Lindi, ambako Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinajenga kampasi, wana nafasi ya kuanza na utaratibu huo kabla wenyeji na wanachuo hawajaanza kuogopana.

Msimu uliopita nilimsindikiza mama mkubwa kwa mwenyekiti, alikuwa na shida ya barua. Daftari la wakazi lilikuwa wazi mezani, akanionyesha mstari wa nyumba yake. Majina ya wajukuu yote yapo, mpaka la kitinda mimba. Chini yake mwenyekiti alikuwa ameandika, kwa maelezo ya mama mwenyewe: “Mwanachuo, chumba cha uani.” Nikamuuliza mama mkubwa kijana huyo anaitwa nani. Akafikiri kidogo, akasema ni kijana mpole, wa Bukoba, au Musoma.