Punda wa sentimita moja

Wallahi punda nilimpima mwenyewe. Naanza na hilo kwa sababu pale barazani wanasema kimo chake nilibahatisha. Nilichukua tepu ya shangazi, ile ya kushonea, nikaenda kwa Ami yangu anayewabebea watu saruji kwa punda hapa Lamu, nikapima kuanzia kwato hadi begani, sentimita 110, na teke la paja nikala, alama mpaka leo iko.

Nilikuwa natengeneza gemu ya mbio za punda, zile za Maulidi kando ya bahari. Sasa Blender, ile programu ya kuchongea maumbo, 1 yake ni mita 1, basi nikaandika 1.1, nikamtoa kwa faili la OBJ nikamtia Unreal, programu ya kuundia gemu yenyewe, bila hata kumjaribu, na Ami nishamwita, naye kaja na wazee wawili kabisa. Fungua. Bahari ipo, njia ipo, punda hakuna.

"Yu wapi punda?"

"Anakuja Ami, kompyuta nzito."

Uongo mtupu. Nikahangaika na kamera kama dakika kumi hivi, navuta nasogeza, mpaka imefika chini kabisa, mzee mmoja akalamba kidole akafuta uchafu kwenye skrini. Uchafu haukutoka. Ulikuwa na masikio.

Kumbe Unreal 1 yake ni sentimita bwana! Na OBJ haibebi kipimo, inabeba namba kavu tu, kwa hiyo mita 1.1 yangu ikasomwa sentimita 1.1. Ningetumia Unity, mwenzake Unreal, ningepona, kule 1 ni mita, lakini ubishi wangu ndio huo. Kwa ile aibu nikarudi Blender nikamkuza mara 100, sawa, halafu kwa pupa, wazee wananihemea shingoni, nikaweka 100 nyingine pale pa kumwingizia Unreal.

"Na hizi nguzo za jeti gani?" Ami akauliza.

Si nguzo, Ami. Ni miguu. Mita 110 mpaka begani, tumbo limetanda juu kama wingu la masika, na yule mkimbiaji wangu wa mita 1.8 hafikii hata ukingo wa kwato.

Nikashika mausi nimpunguze. Ami akanidaka mkono.

"Ngoja kwanza. Huyo abeba mifuko mingapi mpaka Shela?"

Na wale wazee, wallahi, wakaanza kupiga hesabu.