Udhaifu wa msomi mbele ya jopo la usaili

Swali lenyewe linajulikana: "Tueleze uwezo wako na udhaifu wako." Limezoeleka kwenye ofisi za biashara, na vyuo vikuu navyo vinalitumia, kiasi kwamba anayeomba nafasi ya uhadhiri huliandalia jibu kama anavyojiandaa kuulizwa kuhusu tasnifu yake. Wapo wasomi wanaotaka lifutwe kabisa, wakisema halipimi chochote zaidi ya ufundi wa kujinadi. Wapo wanaolitetea, nao wana hoja nzito: mtu asiyeziona kasoro zake atazionaje za wanafunzi wake? Naamini kila upande umeshika sehemu ya ukweli. Ninachokipinga mimi ni swali hili kuulizwa likiwa tupu, bila kufungamanishwa na kazi yoyote, kisha kila mjumbe wa jopo akalipima jibu kwa mizani yake ya moyoni.

Kwanza tuangalie jopo lina nini mkononi kabla mwombaji hajafungua mdomo. Katika kazi za kitaaluma makaratasi humtangulia mtu. Wajumbe wanao wasifu wake, orodha ya machapisho, mpango wa utafiti, maelezo ya jinsi anavyofundisha, na barua za wadhamini. Marekani, mwombaji aliyefika hatua ya mwisho hukaa chuoni siku nzima au mbili: anatoa mhadhara, anaonana na mkuu wa kitivo, anakula na watu wa idara, anazungumza na wanafunzi wa uzamivu. Uingereza mambo huwa mafupi zaidi, mara nyingi wasilisho na kikao cha jopo, basi. Kwa vyovyote, ushahidi upo tele. Wapinzani wa swali wanauliza kwa haki kabisa: kwa nini tumwombe mtu ajipime mwenyewe ilhali kazi yake tumeiweka mezani?

Nao wakisikiliza majibu wanazidi kupata nguvu. "Napenda mno ukamilifu." "Nafanya kazi kupita kiasi." "Nashindwa kumkatalia mwanafunzi anayehitaji msaada." Hayo ni majigambo yaliyovishwa unyenyekevu, na kila mjumbe analijua hilo. Mwombaji anajua kwamba jopo linajua. Dakika tano zinapita, hakuna aliyejifunza lolote kuhusu mwenzake.

Utafiti kuhusu usaili kwa jumla unawapa wapinzani sehemu ya ushindi. Mwaka 1998 Frank Schmidt na John Hunter walikusanya matokeo ya tafiti za miaka 85 kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi. Usaili wenye mpangilio, yaani maswali yaleyale kwa kila mwombaji na majibu kupewa alama kwa vigezo vilivyokubaliwa, ulikuwa na uwiano wa 0.51 na utendaji kazini (0 ni kutohusiana kabisa, 1 ni kuhusiana kikamilifu). Usaili wa mazungumzo huria ulipata 0.38. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walirudia hesabu hizo kwa uangalifu zaidi, takwimu zikashuka hadi 0.42 na 0.19. Usaili wenye mpangilio ulibaki miongoni mwa vipimo bora kuliko vyote. Ule wa "tuongee tu tumfahamu" ulianguka vibaya. Hizo ni tafiti za ajira za kila aina, si za maprofesa peke yao, lakini sioni sababu ya kudhani kwamba msomi akikaa kwenye kiti cha jopo anaponyoka udhaifu wa binadamu wengine.

Jaribio moja lililochapishwa mwaka 2013 na Jason Dana, Robyn Dawes na Nathanial Peterson linapaswa kusomwa na kila mkuu wa idara. Wanafunzi waliwahoji wanafunzi wenzao ili wakisie wastani wa alama zao za muhula. Baadhi ya waliohojiwa waliagizwa kwa siri kujibu ovyo, kwa kufuata utaratibu usiohusiana kabisa na ukweli wao. Wahojaji hawakushtuka, waliona wamepata picha ya mtu. Na makisio yaliyotokana na mazungumzo yalikuwa mabaya kuliko yale yaliyotegemea alama za zamani peke yake. Mazungumzo yalileta kujiamini bila kuleta ujuzi, na hiyo ndiyo hatari ya kumuuliza mtu udhaifu wake halafu kuamua "nimemwelewa."

Hata hivyo siwezi kuungana na wanaotaka somo zima la udhaifu litoke kwenye usaili wa wahadhiri. Kazi hii ina jambo ambalo kazi nyingi hazina: mtu anaachiwa uhuru mkubwa kwa miaka mingi bila msimamizi wa karibu. Mhadhiri anaingia darasani peke yake na kufunga mlango. Anasimamia tasnifu ya mtu mwingine, na akiwa mzembe kusoma rasimu, anayechelewa kuhitimu ni yule mwanafunzi. Anashika fedha za ruzuku. Kasoro yake asipoiona mwenyewe, inaweza kupita miaka kabla mwingine hajathubutu kumwambia. Isitoshe, kukiri mipaka ya kazi yako ni sehemu ya maadili ya taaluma yenyewe. Hakuna tasnifu inayoheshimika ambayo haina ukurasa unaosema sampuli ilikuwa ndogo, au data ilitoka sehemu moja tu, au kifaa hakikuweza kupima jambo fulani. Mtu aliyeandika ukurasa huo kwa uaminifu ana uwezo wa kujieleza vivyo hivyo mbele ya jopo, akiulizwa vizuri.

Chukua jibu kama hili, la mwombaji anayeulizwa kuhusu ufundishaji: "Nasahihisha polepole. Muhula wa kwanza nilipopewa darasa kubwa, majibu ya zoezi la kwanza yaliwafikia wanafunzi wakiwa tayari wameanza la tatu, kwa hiyo maoni yangu hayakuwasaidia. Siku hizi nawapa vigezo vya kusahihishia kabla hawajaandika, na kila karatasi naipa maoni matatu tu. Bado wenzangu wananishinda kwa kasi." Hapo kuna kosa lenye mahali na wakati, kuna aliyeumia, kuna dawa iliyojaribiwa, na kuna sehemu ambayo haijapona. Sentensi ya mwisho ndiyo ninayoithamini zaidi, maana mtu anayetaka kujipamba angeikata. Jopo sasa lina cha kuuliza: darasa lilikuwa na wanafunzi wangapi? Ungepata msaidizi ungemwelekezaje? Mazungumzo yamekuwa ya kitaaluma, na yeyote anayeigiza hapo atakwama kwenye swali la pili.

Tatizo ni kwamba ukweli kama huo una gharama, na gharama hiyo hawailipi wote sawa. Hapa ndipo watetezi wa swali wanapopita haraka mno. Mwaka 1998 Laurie Rudman alionyesha kwamba mwanamke anayejinadi waziwazi huonekana ana uwezo, lakini watu humpenda kidogo na huweza kumkwepa katika kuajiri. Mwaka 2003 Frances Trix na Carolyn Psenka walichambua barua zaidi ya 300 za kuwapendekeza waombaji kwenye chuo kimoja cha tiba cha Marekani, wakakuta barua za wanawake ni fupi zaidi na zina maneno mengi zaidi yanayopanda shaka. Halafu mwaka 2012 Corinne Moss-Racusin na wenzake waliwapa wanasayansi 127 wa vyuo vikuu maombi yaleyale ya kazi ya kusimamia maabara, mengine yakiwa na jina la John, mengine la Jennifer. John alionekana anafaa zaidi, na wastani wa mshahara wa mwaka aliopendekezewa ulikuwa takriban dola 30,200 dhidi ya dola 26,500 za Jennifer. Ikiwa karatasi zinazofanana zinasomwa tofauti hivyo, kukiri "nasahihisha polepole" kutasikikaje kutoka kinywa kimoja na kingine? Kwa mmoja itaitwa uaminifu. Kwa mwingine itakuwa uthibitisho wa shaka iliyokuwepo tangu mlangoni.

Ongeza na hili: binadamu si wapimaji wazuri wa nafsi zao. Utafiti maarufu wa Justin Kruger na David Dunning wa mwaka 1999 ulikuta walioshika robo ya chini katika majaribio yao walijikadiria juu ya wastani, wakati walioshika robo ya juu walielekea kujishusha. Miaka 21 kabla yake, Pauline Clance na Suzanne Imes walikuwa wameeleza hali ya wanawake wenye mafanikio makubwa wanaoamini kwamba hawastahili nafasi zao na siku moja watagunduliwa. Mtu wa namna hiyo ukimwambia ataje udhaifu wake, atakupa orodha. Mwenye kujiona atakupa moja, tena la uongo. Jopo likihesabu udhaifu uliotajwa, litamwajiri asiyejijua.

Upande wa uwezo nao haujadiliwi inavyopaswa, labda kwa sababu unaonekana rahisi. Waombaji wengi huusoma wasifu wao kwa sauti: makala kadhaa, ruzuku fulani, tuzo. Jopo limeshaviona. Linachotaka kusikia ni uwezo huo utaifanyia nini idara hii. Anayesema "natumia takwimu za hali ya juu" ameishia njiani. Anayesema "nimeona idara yenu haina anayefundisha uchambuzi wa data za muda mrefu, nami nimelifundisha somo hilo na ninazo data ambazo wanafunzi wenu wa uzamili wanaweza kuzitumia" amewapa sababu ya kumtaka.

Ipo pia aibu ya kusema "mimi" au "sisi." Utafiti mwingi leo hufanywa na timu. Mwombaji ambaye jina lake ni la nne kati ya majina saba akisema "tuligundua," jopo halijui yeye alifanya nini; akisema "niligundua," amewadhulumu wenzake, na huenda mmoja wao ni rafiki wa mjumbe aliyekaa mbele yake. Wenye malezi ya kutojisifu wanazama kabisa kwenye "sisi." Njia ya kutoka ni kueleza jukumu. Majarida mengi sasa yanatumia mfumo uitwao CRediT, wenye majukumu 14 ya mchango, kuanzia kubuni wazo, kuandika programu na kukusanya data hadi kuandika rasimu ya kwanza na kusimamia. "Wazo lilikuwa la profesa wangu, mimi nilibuni dodoso, nikaongoza ukusanyaji wa data, nikaandika sehemu ya mbinu." Hapo hajajikweza wala hajajifuta.

Katika miaka ya karibuni wasomi wamejaribu kuondoa aibu ya kushindwa kwa njia nyingine. Mwaka 2010 Melanie Stefan aliandika katika jarida la Nature akipendekeza watafiti waweke wasifu wa mambo yaliyowashinda: makala zilizokataliwa, ruzuku walizonyimwa, kazi walizokosa. Mwaka 2016 Johannes Haushofer wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, alichapisha wa kwake, ukasambaa sana. Naliheshimu jambo hilo, na najua limewafariji vijana wengi. Lakini aliyeuchapisha alikuwa tayari na uprofesa. Anayetafuta ajira yake ya kwanza hana kinga hiyo. Halafu, kukataliwa na udhaifu ni mambo mawili: makala inaweza kukataliwa kwa kuangukia msomaji mkali, na ruzuku ikakosekana kwa sababu fungu lilikuwa dogo. Mwombaji anayetaja kukataliwa kama udhaifu wake amejilaumu kwa yasiyo yake na ameacha swali bila jibu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Swali tupu la uwezo na udhaifu liondoke, na mahali pake yaje maswali yanayoshika kazi yenyewe: tueleze somo ulilofundisha likaenda vibaya, ulijuaje, na ulibadilisha nini, katika makala yako bora, ni hoja gani ungeiandika upya leo, mradi huu unahitaji ujuzi gani ambao huna, na utaupata kwa nani. Yaulizwe kwa wote, kwa mpangilio uleule, na kila mjumbe aandike alama zake kabla ya kusikia maoni ya mwenyekiti. Sharti hilo la mwisho ni gumu kuliko yote kwa sababu vyeo havikai nje ya chumba cha usaili.

Na mpaka majopo yabadilike, mwombaji atakayekutana na swali la zamani achague udhaifu wa kweli, wa kikazi, usiogusa kiini cha nafasi anayoomba. Anayeomba kufundisha takwimu asiseme takwimu zinamsumbua. Asitaje ugonjwa wala mambo ya ndoa na watoto. Jopo halina haki navyo. Asiseme hana udhaifu. Naye ana haki ya kuwageuzia swali: idara hii inataka kuboresha nini, na mhadhiri mpya hupewa mzigo gani wa vipindi mwaka wa kwanza? Idara inayojibu kwa kuzunguka mbuyu imeshamwonyesha jinsi itakavyopokea ukweli wake akishaajiriwa.

Kwa majopo yanayong'ang'ania swali lao, nina ombi moja tu. Wajumbe wakae kabla ya siku ya usaili, kila mmoja aandike jibu zuri lingekuwaje na jibu baya lingekuwaje, kisha walinganishe karatasi zao. Wakikuta hawakubaliani, walitoe swali kwenye orodha kabla mwombaji wa kwanza hajaitwa.