Mkono wa Mkalimani

Wazee wa Kikongo hawaendi hospitali, wanahudhuria. Huku Kentucky, Marekani, nimeshazoea kumkuta mtu aliyezeekea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, ameketi kliniki kavaa suti ya vipande vitatu, tai, kofia, na viatu vinang'aa. Mzee wangu wa siku ile alikuwa hivyohivyo, na bahasha ya makaratasi mapajani kama wakili. Mimi, mkalimani wake, nimetoka zamu ya usiku: sweta limekunjamana, macho mekundu, kitambulisho kimezama ndani ya koti.

Akaingia nesi mgeni.

Ukalimani wa hospitali una masharti yake. Mgonjwa akisema "naumwa", nawe unasema "naumwa"; hakuna cha "anasema anaumwa". Huachi neno. Ukiwa na lako binafsi, hujiiti "mimi", unajiita "mkalimani". Darasani inapendeza sana.

Nesi akauliza shida ni nini. Mzee akageukia dirishani kwa haya, akanong'ona. Nami, kwa Kiingereza na sauti ya kazini: "Sijapata choo siku nne."

Nesi akanitazama kwa huruma. Umezaliwa lini? Januari mosi, 1962. (Wakimbizi wengi wasio na cheti huandikiwa Januari mosi.) Akachungulia kompyuta, ikalingana. Kuhusu huo mwaka, kwa jinsi nilivyokesha, uso wangu haukuwa na la kupinga.

Akanikunja mkono wa sweta, akanifunga kipimo cha presha.

Nikafuata masharti: "Mkalimani anaomba kueleza kwamba mkono huu ni wa mkalimani."

Nesi akamgeukia mwenye suti. "Mkalimani, subiri kidogo tafadhali, nimalizane na mgonjwa."

Siachi neno, basi nikamfikishia mzee kwa Kiswahili: "Mkalimani, subiri kidogo tafadhali, nimalizane na mgonjwa."

Mzee akanikazia macho. "Nisubiri nini, kijana? Si wewe ndiye wanakufunga?"

Nikamgeukia nesi: "Nisubiri nini, kijana? Si wewe ndiye wanakufunga?"

Nesi akaandika kitu. Nilichungulia: mgonjwa amechanganyikiwa.

Mashine nayo ikalia. 168 kwa 102. Na ungekuwa wewe ingesoma ngapi? Nesi akatoka mbio kumwita daktari, nikabaki nimefungwa, mzee ananipepea kwa kofia yake.

Daktari ananifahamu vizuri. Alifungua mlango, akaniona na mkono uliofungwa, akaegemea ukuta akicheka mpaka miwani ikamdondoka. Nesi wa watu akawa mwekundu, akaomba radhi kwa mzee, kwangu, hata kwa mashine.

Mzee akavua koti taratibu, akalitundika, akapimwa. 118 kwa 76. Akaisoma ile namba, akanitazama, akamwita daktari karibu.

"Daktari, choo changu kinaweza kungoja. Muanze na huyu."

Nikatafsiri.