Wazee waliopigana vita: tuwaulize ama tukae nao tu?

Babu yangu hakanyagi mchanga uliofukuliwa. Hapa mtaani kwetu Eastlands wakija kuziba shimo la barabara na murram yeye anazunguka, anapitia kando ya mtaro hata kama kumenyesha, na ukimshika mkono umvushe anakuvuta urudi. Alikuwa askari kijana wa serikali wakati wa vita vya shifta, wale wapiganaji waliotaka kaskazini mwa Kenya ijiunge na Somalia, kule NFD (wilaya ya mpakani kaskazini), kati ya 1963 na 1967, na mabomu yalikuwa yanategwa chini ya hizo barabara za vumbi. Sisi tulidhani ni uzee tu, hadi siku moja rafiki yake wa kikosi alipokuja kumwona nikawaona wawili hao wanatembea wakipiga stori ya bei ya unga, wakafika pale kwa murram wote wawili wakazunguka, hakuna aliyemwambia mwenzake kitu, na stori haikukatika.

Nimeifikiria sana hiyo siku manake kuna watu wanasema mzee mwenye kumbukumbu mbaya za vita dawa yake ni familia imkalishe chini aongee, atoe yote. Wengine wanasema waacheni wazee, mambo ya huko yabaki huko. Mi naona wote wameshika ukweli nusu.

Wanaosema watu ni dawa hawajakosea. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba kukosa watu wa kukushika mkono baada ya tukio baya ni moja ya vitu vinavyofanya kiwewe kikae. Na uzeeni ndio inakuwa mbaya zaidi, kazi imeisha, watoto wamehama, pengine mke ametangulia, usiku ni mrefu, sasa yale yaliyokuwa yamefunikwa na pilkapilka za kutafuta school fees yanapata nafasi ya kurudi.

Lakini watu gani? Uingereza watafiti waliongea na wazee wa Vita vya Pili vya Dunia na pia wale waliopigana Falklands 1982, wakaona wenzao wa vitani ndio wanaoweza kuongea nao vita vyenyewe, familia kazi yake kubwa ni kushikilia maisha yaendelee, na kuna wazee waliowaficha mabibi na watoto makusudi wasiwaumize. Kwa hivyo mzee akinyamaza nyumbani usikimbilie kusema amekataa kupona, huenda anakulinda. Na hata hiyo ya kumkalisha mtu mara moja baada ya tukio asimulie kila kitu ilishapimwa, ikaonekana haizuii kiwewe, na kuna waliozidiwa. Ile Krismasi mjomba alimsukuma babu mbele ya watu wote, "tuambie mliua wangapi", mzee aliweka kikombe chini akatoka nje na hakula siku hiyo.

Upande wa wenzake nao una shida yake, na hapa ndio watu hawapendi kufika. Kumbukumbu ya woga wenzako wanaweza kukusaidia kuibeba. Kumbukumbu ya kile mlichofanya ni kitu ingine. Huko kaskazini raia walikusanywa kwa vijiji vya kulindwa, mifugo yao ikauawa, na leo wajukuu wa hao watu ni majirani zetu hapa Nairobi, tunanunua kwao, watoto wetu wanasoma pamoja. Wazee wakikaa wenyewe kwa wenyewe wanaweza kufunga huo mlango kabisa, kila mmoja akimlinda mwenzake asiuguse. Hapo urafiki unatuliza lakini hauponyi, na sijui kama kuna mtu mwingine wa kuufungua huo mlango isipokuwa wao wenyewe.

Halafu kuna wazee ambao hata hao wenzao walinyimwa. Mau Mau, waliopigana na serikali ya kikoloni ya Mwingereza, ilipigwa marufuku 1950 na marufuku hiyo ikaondolewa 2003, zaidi ya nusu karne chama chao kikiwa haramu, na kijijini jirani yako huenda ndiye alikuwa homugadi, mlinzi wa upande wa mkoloni. Utakaa na nani useme uliyoyaona kizuizini? Ndio maana 2013 Uingereza ilipokubali kuwalipa watu 5,228 walioteswa wakati huo pauni milioni 19.9, mi naona jambo kubwa lilikuwa kwamba mateso yao yalitajwa hadharani na wao wakiwa hai wanasikia, ingawa wengi walikuwa wameshazikwa.

Kwa hivyo tukitaka kusaidia, tuanze na nauli. Mpeleke kwa mwenzake, ama mtumie mwenzake pesa ya matatu aje, weka chai, ondoka hapo. Akipiga kelele usiku ama pombe ikizidi, hiyo ni ya daktari, usiichukue wewe peke yako. Akianza kuongea mwenyewe, zima televisheni usikilize, usimalizie sentensi zake.

Rafiki wa babu tulimzika mwaka jana. Baada ya hapo babu alikaa wiki nyingi bila kutoka nje ya geti. Juzi tumetoka kwa kinyozi, tukafika pale kwa murram, nikazunguka mimi kwanza sikusema kitu. Akanifuata. Mbele kidogo akaniuliza unga siku hizi ni pesa ngapi.